Usishushe kinanda! (kwa mwalimu wa kwaya wa Chake Chake)

Yakhe, ondoa mkono kwenye hicho kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda kizima. Salamu baadaye.

Nimesoma swali lako. Kwaya yenu inataka kuimba Aleluya ya mtunzi Handel Krismasi, umechukua rekodi ya Ulaya ukaipitisha kwenye programu ya simu, nayo ikakujibu: ufunguo C sharpu, mwendo 48 (mapigo kwa dakika), hali "tulivu, huzuni kiasi". Sasa unauliza ushushe kinanda nusu toni na upunguze mwendo. Nilipofika hapo pa kushusha kinanda roho iliniruka, maana ndipo tulipozama sisi huku Unguja.

Handel aliandika kipande kile kwa D meja, 1741. Fungua nota utakuta sharpu mbili; fungua nakala ya sol-fa (ya doh-re-mi) utakuta juu kabisa doh ni D. Lakini simu yako haikusema uongo, imesikia C sharpu kweli, nusu toni chini ya D. Orkestra nyingi zinazopiga ala za kizamani hutyuni sauti ya A kwa mitetemo 415 kwa sekunde, na kinanda chako kimetoka kiwandani na A ya 440. Tofauti yake ni nusu toni. Wao wanasoma D, wanapiga D, simu inasikia C sharpu. Na hiyo 415 yenyewe ni makubaliano ya watu wa siku hizi tu. Uma wa kutyunia (kile chuma kinachogongwa kikatoa sauti moja) uliokuwa wa Handel mwenyewe, wa 1751, unatoa A ya 422.5. Utafuata ipi sasa?

Sisi hayo hakuna aliyetwambia. Tulikuwa na bwana mmoja kwenye grupu la wasap, ati mtaalamu, kila jambo yeye kalisomea. Akasikiliza rekodi, akatuonesha simu, akatoa fatwa: karatasini ni D, lakini wazungu wenyewe wanaimba C sharpu, shusheni moja. Tukashusha. Na raha yake tuliiona, nisikufiche: pale sauti ya kwanza wanapopanda ngazi baada ya ngazi kwenye "Mfalme wa wafalme" hakukwama mtu. Tukafanya mazoezi hivyo hivyo mpaka ikatuingia mifupani.

Kisha tukaona sikukuu haitanoga bila tarumbeta. Tukachangishana, tukawaagiza wapigaji wawili kutoka Dar: nauli ya boti kuja na kurudi, chumba, chakula, posho. Boti ikachelewa, wakaingia kanisani ibada imeshaanza. Mazoezi ya pamoja hakuna. Tukasema si kitu, nota zao wanazo. Walikuwa nazo kweli. Za D.

Ule wimbo tarumbeta haziingii mwanzoni. Kinanda kikatangulia, kwaya ikapokea, watu wameshanyanyua simu wanarekodi. Zikaingia tarumbeta. Wallahi ungedhani meli mbili zinapigiana honi bandarini Malindi. Mpiga kinanda akaona tarumbeta ndizo zilizoharibika, wenye tarumbeta wakaona kinanda ndicho kibovu, basi kila upande ukaongeza sauti ili mwenziwe ajirekebishe! Besi wakahamia kwa tarumbeta, alto wakang'ang'ania kinanda. Mimi muongozaji nikaamua kutazama dari. Dari ya kanisa letu nzuri sana, niliikagua yote. Video bado inazunguka.

Na mtaalamu wetu? Alitoka kabla ya baraka. Jioni akaandika kwenye grupu kwamba tatizo ni mwangwi wa jengo. Mwangwi! Kuta zile za mawe zimeimbiwa tangu babu yake hajazaliwa, leo ziwe na kosa zao? Michango ya watu ilikwenda na maji, na mpaka leo nikipitisha bahasha ya mchango wa kwaya wapo wanaoniuliza, "Tarumbeta zipo?"

Ndiyo nakwambia: ufunguo chukua kwenye nota, usichukue kwenye rekodi. Nota ikisema D, wewe D, hata simu iape. Programu nyingi za aina hiyo zina majibu 24 tu ya ufunguo, meja 12 na maina 12, lazima zikupe mojawapo. Ipe taarabu iliyopigwa kwa bayati, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, yenye sauti ambayo kwenye kinanda chako haimo kabisa, itakutajia maina fulani bila haya wala soni.

Mwendo nao hizo programu huhesabu nusu au mara mbili, kwa hiyo 48 yako nadhani ni 96. Handel ameandika Allegro, yaani mwendo wa haraka; Adagio, yaani polepole, inakuja mwishoni kabisa baada ya ule ukimya. Ukiburuza 48 toka mwanzo waumini watauliza nani kafariki. Hilo la "huzuni kiasi" hata silijibu.

Sauti ya kwanza wakilalamika D iko juu, wazoeshe tangu sasa, Krismasi bado. Ukiona kweli hawaiwezi, shusha, lakini kila mwenye ala ajue mapema, kwa maandishi, na tarumbeta waandikiwe nota upya.

Leo kabla hujalala rudisha transpozi kwenye sifuri. Kisha tupia hapa picha ya nyuma ya jalada la hiyo rekodi. Ikiwa imeandikwa ala za kizamani, tutakuonesha ilikotoka hiyo C sharpu yako.