Miguu iliruka, mdomo ukakwama

Kijana wa Malindi ameniandikia: "Kaka, nifundishe kuwa jasiri kama wewe." Ameiona ile video ya mashua yetu nje ya Shela, hapa Lamu, Julai, kusi limechachamaa. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ilikatika, foromali, boriti linalobeba tanga, ikaporomoka, baharia wetu mdogo akaenda majini. Nikaruka. Sikuwaza lolote, miguu ilitangulia, akili ikafuata. Hadi tunamvuta ndani nilikuwa nimekunywa maji ya kupikia pilau ya harusi. Gatini nikapokewa kwa vigelegele, na mzee wa kahawa mpaka leo hanitozi kikombe cha kwanza. (Sikatai, naona fahari.)

Sasa sikiliza yasiyomo kwenye video.

Mwaka uo huo kikundi chetu cha wavuvi kilichanga pesa za mashine ya boti. Mashine haikuja. Mimi nilikiona kitabu cha risiti, kurasa mbili zimechanwa, nikamnong'oneza mama mmoja muuza samaki. Mkutanoni akasimama: "Hesabu ya mashine iko wapi?" Mwenyekiti, ambaye ni ami yangu, akacheka. Ukumbi mzima ukacheka. Mama akanigeukia, anasubiri. Nikatazama makubadhi yangu.

Mawimbi nilipambana nayo robo saa, yakaisha. Ami nitamkuta harusini, mazikoni, msikitini, na vichochoro vya Lamu unavijua: hata punda mnapishana mkigusana.

Miezi minne baadaye nikaandika barua. Nikatolewa kikundini, nikaitwa mvunja ukoo. Bado inaniuma, siwezi kudanganya.

Kwa hiyo mdogo wangu, sema siku ile ile. Ukilala nalo, kesho utalipatia sababu ya kunyamaza. Sema mapema! Wala usisimame peke yako, wala usimwache mwenzio asimame peke yake. Wavuvi wa hapa waliopinga bandari ya Lamu walikwenda kortini pamoja mwaka 2012, na hukumu ya kuwapa haki ikatoka huko kwenu Malindi mwaka 2018. Miaka sita ya kusubiri, bila kupigiwa vigelegele gatini. Nyinyi vijana mnataka ujasiri wa video tu. Kuogelea utafundishwa na yeyote. Jifunze kwanza kuuliza swali mbele ya mtu aliyekulisha.

Jana nilipita kibandani kwa yule mama. Alinifungia samaki gazetini, akahesabu chenji, akaiweka mezani badala ya mkononi mwangu.