Kuhakiki uigaji wa muoni: anza na moja

Ukikabidhiwa kuhakiki programu ya uigaji wa vigunduzi vya muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), utatamani kukimbilia grafu ya mwisho, ile ya kulinganisha uigaji na data. Iache kwanza. Rusha muoni moja.

Moja kweli. Ipe nishati ya GeV 1 (yaani MeV 1000), ipitishe wima kwenye sentimita moja ya sintileta ya plastiki (inayotoa mwanga ikipitiwa na chembe), uiamuru Geant4, programu ya kuiga safari ya chembe ndani ya maada, ichapishe kila hatua. Inatakiwa iache takriban MeV 2. Ukipata 20, usisingizie fizikia. Huenda umechanganya milimita na sentimita. Sasa rusha elfu kumi. Histogramu ya nishati zilizoachwa iwe na mkia mrefu upande wa nishati kubwa. Ikitoka kilima kilicholingana pande zote, hapo pana kasoro.

Kisha zisimamishe ndani ya chuma. Muoni chanya huoza kwa wastani wa mikrosekunde 2.2. Hasi hunyakuliwa na viini vya atomi, na wastani wake hushuka hadi kama 0.2. Nalipenda jaribio hili: namba mbili zikitoka sawa, ujue unyakuzi haujazingatiwa.

Mimi nilitiwa adabu na jiometri. Chemba moja ya gesi, sehemu ya kigunduzi inayonasa muoni, ilikuwa kwenye uigaji inakosa muoni nyingi kuliko ile halisi, kila mara kwenye kona ileile. Nikashusha kizingiti cha ishara (kiwango cha chini cha ishara inayohesabiwa) kidogo kidogo mpaka grafu ikalala juu ya data, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha. Kumbe bamba la alumini lilikuwa limeingia nusu milimita ndani ya gesi, na nafasi yenyewe ya gesi ni milimita 2 tu! Amri ya kukagua vipande vilivyoingiliana ingelionyesha siku ya kwanza. Na kile kizingiti nilichokichezea kilikuwa cha chemba zote, kwa hiyo nikawa nimeziharibu zilizokuwa nzima.

Kwa hiyo jiometri kwanza, halafu nishati, halafu elektroniki. Mbegu ya namba nasibu (namba inayoanzisha mfuatano wake) na toleo la programu viandike kwenye jina la faili.

Data ije mwisho. Kama kigunduzi chako kiko kwenye kigonganishi, mashine ya kugonganisha chembe, tafuta bosoni Z (chembe nzito za muda mfupi) zilizooza kuwa muoni mbili. Kilele cha grafu ya masi inayokokotolewa kutoka muoni hizo mbili kikae karibu na GeV 91.2. Usitosheke na mahali kilipo, pima na upana wake. Kilele cha uigaji kikiwa chembamba kuliko cha data, shuku kwanza kwamba umezipanga chemba zako kwa unyoofu ambao mafundi waliozifunga hawakuupata.