Vifaa vya bustani ya shule: mbegu ndizo rahisi, hangaikia maji

Mwalimu, umeuliza utapata wapi mbegu, majembe na mbolea ilhali shule imekupa eneo tu, bajeti hakuna. Nimesimamia bustani ya shule miaka kadhaa, na kwangu mbegu hazijawahi kuwa shida. Kila anayelima anazo za ziada, ukimwomba anakupa. Kinachosumbua ni maji, nayo ndiyo yakupangie ukubwa wa bustani.

Tazama paa la darasa. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 ni lita 1,000, toa kama sehemu moja ya tano inayopotea. Wape wanafunzi wapige hesabu hiyo, kisha nenda nayo kwenye kikao cha wazazi. Usiombe "msaada wa bustani", maana watu watapiga makofi na kwenda zao. Omba gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) la urefu fulani na pipa lenye mfuniko. Fundi aliyekaa nyuma atanyoosha mkono.

Mbolea msinunue. Majani makavu, nyasi na maganda ya jikoni yanatosha kutengeneza mboji. Rundo liwe kama mita 1 kila upande ili lipate joto, na makavu yazidi mabichi.

Samadi ya kupewa ni nzuri, lakini uliza kwanza kama malisho ya ng'ombe yalipigwa dawa ya magugu. Zipo dawa zinazopita tumboni mwa mnyama zikiwa bado na nguvu, zikaharibu maharage na nyanya. Changanya samadi kidogo na udongo kwenye kopo, panda maharage. Majani mapya yakijikunja, rudisha mzigo. Samadi mbichi nayo isikaribie mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Mkishavuna, maharage ndiyo ya kuanza kuhifadhia mbegu, kwa sababu hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu hutoa mmea unaofanana na mzazi. Mbegu chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili, achana nazo, kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Mbegu za zamani zijaribu: 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu, zikiota 5, panda mara mbili ya kawaida.

Majembe azimeni, yaandikwe kwenye daftari yanapotoka na kurudi. Na mtu akiwaletea madumu yaliyokuwa na dawa za wadudu, hata yawe yameoshwa vipi, kataeni.