Mzimu, mzuka, pepo, jini: kwa nini mtoto huomba kutishwa?

SWALI: Mhariri, kila umeme unapokatika wajukuu zangu hunizunguka na kunisihi niwasimulie habari za mizimu, na nikimaliza hakuna anayethubutu kwenda chooni peke yake. Naomba kufahamishwa: mzimu, mzuka, pepo na jini ni kitu kimoja chenye majina mengi? Na kwa nini mtoto aombe jambo linalomtia hofu?
Bibi wa wajukuu wanne, Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo Bibi. Majina hayo huchanganywa sana katika mazungumzo, lakini kila moja lina hofu yake. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, hasa mzee wa ukoo, na kwa hiyo una jamaa zake na huweza kuudhika ukisahauliwa. Neno hilo lina undugu na kuzimu, makao ya wafu, na pia na zimwi, lile ambalo methali yasema likikujua halikuli likakwisha. Mzuka umetokana na kitenzi kuzuka: hatuulizi ni wa nani, linalotutisha ni kule kutokea kwake ghafla mahali palipokuwa patupu. (Vijana siku hizi huita mzuka ile hamasa inayowapanda uwanjani au kwenye muziki, nami naona wamelitumia vizuri, kwa kuwa hamasa nayo huzuka.) Pepo ana asili moja na upepo, kwani huhisiwa asionekane, ndiyo maana twasema mganga anapunga pepo, kwa kitenzi kile kile cha mtu anayekwenda ufukweni jioni kupunga upepo. Jini ni neno la Kiarabu, lenye mzizi wa maana ya kufichika, na katika imani ya Kiislamu ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto, ambaye hakuwahi kuwa binadamu.

Swali lako la pili, Bibi, lina jibu zuri katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani, mwili wote ukiwa umefunikwa kwa nguo, na kwa mila watoto waliambiwa kwamba aliyemo si mtu bali ni mzimu uliorudi kutoka kwa wafu. Mtoto wa kiume alikimbia mwaka hadi mwaka, mpaka alipoingia jandoni akafunuliwa siri kwamba ndani ya kinyago mlikuwa na mtu wa kijijini. Naamini wajukuu wako wanatafuta jambo hilo hilo, yaani kuikaribia hofu hatua kwa hatua wakiwa mahali ambapo haiwezi kuwadhuru. Wanaposikia simulizi, mwili hujiandaa kana kwamba hatari iko mlangoni: homoni ya adrenalini huingia katika damu, moyo huenda mbio, na misuli midogo sana kwenye mashina ya vinyweleo, ambavyo Kiswahili huviita malaika, hujikaza hata vikasimama. Wakati huo huo vidole vyao vimeshika kanga yako. Mtoto aliye peke yake gizani haombi kusimuliwa habari za mizimu.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaowakataza wazee kusimulia. Nakuomba tu uchague maneno kwa uangalifu. Ukisema mzuka ulikuwa na macho mekundu na pembe mbili, mtoto ameshaupima na kuumaliza; lakini ukisema kwamba lilikuwa giza totoro, nyayo zikasikika uani, na mbwa waliokuwa wakibweka wakanyamaza wote kwa pamoja, hapo ataujaza mwenyewe ule utupu ulioacha. Wadogo wasiolala vizuri wape zimwi la ngano, ambalo huanza kwa paukwa na pakawa na hushindwa mwishoni, kwa kuwa mzimu wenye jina la ukoo wao huwafuata hadi kitandani.

Na chooni, Bibi, wasindikize bila kuwacheka, ukisimama nje na kuongea nao mpaka watoke.