Kabla hujanunua adapta ya Wi-Fi ya laptopu yako

Natengeneza kompyuta maeneo ya Mwanga hapa Kigoma, na kati ya yote ninayoulizwa, hili halikosi: "Kaka, Wi-Fi ya laptopu yangu inasumbua, ninunue adapta ipi?" Adapta ni kifaa kidogo kinachochomekwa nje, kwenye tundu la USB, ili laptopu ikamate Wi-Fi. Kabla sijataja adapta yoyote nataka kwanza kujua laptopu inaumwa nini, maana nimeona watu wengi wakinunua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Pima hivi. Chukua simu yako, kaa palepale unapofanyia kazi, iunganishe na ruta ileile. Simu nayo ikisuasua, shida iko kwenye ruta, bando au mtandao wenyewe, na adapta ya bei yoyote ile haitabadilisha kitu. Simu ikienda vizuri huku laptopu ikikwama, hapo tuendelee.

Mwalimu mmoja wa Ujiji aliniletea laptopu ya mtumba iliyokuwa ikikamata Wi-Fi kando ya ruta tu. Akihamia chumba cha pili, imepotea. Alishaambiwa anunue adapta. Nilifungua mfuniko wa chini tukaangalia pamoja. Kadi ya Wi-Fi ni kibao kidogo chenye vitufe viwili vya rangi ya dhahabu, na kila kitufe hushika waya mwembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe. Nyaya hizo ndizo antena. Zinapita kwenye bawaba na kupanda hadi kandokando ya kioo. Za mwalimu zote mbili zilikuwa zimechomoka, zinaning'inia. Aliyeifungua kabla yangu hakuzirudishia. Nikazibonyeza moja moja mpaka kila moja ikaingia.

"Ndiyo imeshapona?" akauliza.

"Imepona, mwalimu. Nenda nayo chumba cha pili uone."

Kwa hiyo ukiwa na laptopu inayoona mtandao kwa karibu tu, mwambie fundi atazame nyaya hizo kwanza. Wakati mwingine waya hukatika pale penye bawaba, na hapo adapta inakuwa njia rahisi kuliko kufumua kioo.

Kadi yenyewe ikiwa imekufa, unaweza kuweka nyingine ndani. Mimi hupenda njia hii kwa sababu hakuna kitu kinachochomoza nje na kuvunjika. Lakini uwe mwangalifu. Baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda. Ukiwasha inakuandikia ujumbe na haiendelei. Pia kadi kama Intel AX201 hufanya kazi kwenye mashine za Intel zilizotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo tu, ilhali AX200, inayofanana nayo kwa sura, huingia kwenye mashine nyingi zaidi ila inataka Windows 10 kwenda juu. Usinunue kadi ya ndani kwa kuangalia umbo. Nenda na ile ya zamani mkononi, na namba ya modeli ya laptopu.

Wengi mtaishia kwenye adapta ya USB, na hapo ndipo maboksi yanapochanganya watu. Utaona AC600 au AC1200. AC600 maana yake ni megabiti 150 kwa sekunde kwenye masafa ya GHz 2.4, na 433 kwenye GHz 5; wamejumlisha, kisha wakapandisha hadi mia kamili. AC1200 ni 300 na 867. Laptopu yako itatumia upande mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo hutaiona kamwe. Na kama bando lako halifiki hata megabiti 50, kulipia namba kubwa ni kupoteza hela.

Ninachotaka ukiangalie ni kama adapta inashika masafa yote mawili. GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, na nyumba zetu za tofali za kuchoma zinahitaji hilo. GHz 5 ina kasi zaidi ila huchoka upesi ikikutana na ukuta. Kuna jambo linalowatesa sana wenye adapta za 2.4 peke yake: simu ikiwashwa hotspoti kwenye GHz 5, jina lake halionekani kabisa kwenye laptopu. Watu hudhani adapta imekufa. Badilisha tu mpangilio wa hotspoti kwenye simu uwe 2.4.

Kuhusu umbo, vile vidogo kama ukucha nawashauri mviache, labda kama ruta iko chumba hichohicho. Chukua yenye antena ya nje, pamoja na waya mfupi wa kurefushia USB ili uiinue juu ya meza. Pia usiichomeke kando ya flashi au hadi-diski ya USB 3.0, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele ya redio inayovuruga GHz 2.4.

Halafu muulize muuzaji chipu ya ndani ni ipi. Mwenye Linux, yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, hili ndilo la kwanza: MT7612U ya MediaTek inatambulika yenyewe na ina masafa yote mawili, wakati chipu nyingine zitakulazimisha kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, na kuijenga mwenyewe. Kwenye Windows mambo ni mepesi, ila boksi nyingi huja na draiva kwenye CD, na laptopu za siku hizi hazina pa kuiingiza. Usihangaike: chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, laptopu itapata mtandao bila Wi-Fi, nawe pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ihifadhi kwenye flashi, kwa sababu siku Windows ikipigwa upya utaihitaji kabla hujapata intaneti.