Ukishatoka Piti Kutafuta Nafasi, Spana Zikae Chini

Vijana mnaoingia kwenye ufundi wa magari ya mbio hapa Kampala, wengi wenu mmekulia kwenye rali. Mmefuata Pearl of Africa, mmeona gari likirudi huduma na shokabusa imekufa, mafundi wakaing'oa na kufunga nyingine kabla muda haujaisha. Mkono mwepesi ndio sifa ya kazi hiyo. Anayetamani kufika kwenye saketi, Formula 1 hasa, ajifunze pia kuuzuia.

Gari likitoka piti (eneo la gereji za timu kando ya saketi) kwa mara ya kwanza kwenye mchujo wa kupanga nafasi, linaingia paki feme, yaani hali ya kufungiwa isiyoruhusu kubadilisha mpangilio, mpaka mbio zianze. Springi, kimo, mlalo wa magurudumu, bawa la nyuma: vyote vinabaki vilivyo. Unaruhusiwa kurekebisha pembe ya bawa la mbele, upepo wa matairi, kutoa hewa kwenye breki, na kumkalisha dereva vizuri. Kifaa kikivunjika, timu inaomba kwa maandishi, na kinachofungwa kiwe cha muundo uleule. Kilichotolewa kinabaki mikononi mwa FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi.

Mimi naitetea kanuni hii kwa moyo wote. Kabla haijaja mwaka 2003, timu zenye fedha zilifunga injini ya kukimbiza mizunguko michache tu, kisha usiku zikalijenga gari upya kwa ajili ya mbio. Mafundi hawakulala, na timu ndogo hazikuwa na ubavu wa kushindana nazo.

Ukibadilisha mpangilio, unaanzia njia ya piti, nyuma ya wote. Kwa kuwa bei hiyo inajulikana mapema, timu huipigia hesabu. Abu Dhabi 2012, Vettel, dereva wa timu ya Red Bull, alifutiwa muda wake wa mchujo kwa sababu mafuta yaliyobaki garini hayakutosha kwa ukaguzi. Red Bull wakaona heri walipange gari upya, akaanzia piti na kumaliza wa tatu. Brazil 2025, Verstappen wa timu hiyohiyo alishika nafasi ya 16 kwenye mchujo. Wakabadilisha mpangilio na injini, naye akamaliza wa tatu. Msidanganywe na mifano hiyo miwili: hao ni madereva wa daraja la juu kabisa. Aliyefuzu wa tisa akifanya hivyo, mara nyingi anatupa pointi zake.

Austin 2023 inafundisha zaidi. Wikiendi ya mbio fupi, yenye mbio ya ziada kabla ya mbio kuu, ilikuwa na saa moja tu ya mazoezi, halafu gari linaingia paki feme. Timu za Aston Martin na Haas ziligundua zimekosea mpangilio, na magari yao yote manne yakaanzia piti. Tangu 2024 gari linaruhusiwa kurekebishwa tena kati ya mbio fupi na mchujo wa mbio kuu, na ni haki kabisa.

Hata kugusa kuna gharama. São Paulo 2021, Verstappen alishika bawa la nyuma la gari la mpinzani wake Hamilton ndani ya paki feme, akatozwa faini ya euro 50,000.

Kwa hiyo anzeni zoea hili sasa, hata kwenye gereji ya Katwe. Kabla gari halijatoka, andika kila kipimo daftarini: upepo, kimo, springi, pembe. Ukiona kasoro baada ya hapo, mwite mkuu wa mafundi, naye amwite mkaguzi. Spana ichukuliwe ruhusa ikishatoka, kwa maandishi.