Dada, usikubali kuachiwa brashi ya rangi

Ukipita jua kali yoyote, yani sehemu za mafundi wa vibandani, hapa Kisumu, iwe Kibuye ama Kondele, siku hizi hukosi msichana mmoja ama wawili kwa vibanda vya vyuma, na watu wanafurahi wanasema mambo imebadilika, hata wasichana wanachomea. Mimi nakuomba usimame kidogo uangalie huyo msichana ameshika nini. Mara nyingi ni msasa. Ama brashi ya rangi, ama simu ya boss anapokea kastoma, ama kijitabu cha dipoziti, ama birika ya chai. Mashine ya kuchomea iko kwa kijana aliyemkuta hapo, na saa zingine iko kwa kijana aliyekuja nyuma yake, mdogo kwake, na hakuna mtu hapo anaona kuna neno.

Mimi ni fundi wa kuchomea, niko na kibanda changu, na kabla ya hapo nilifunzwa kwa kibanda cha mtu alafu nikafanya kazi na kontrakta mmoja upande wa Nakuru, kwa hivyo haya nasema nimeyaona kwa macho. Wengi wananiuliza nitaingiaje hii kazi. Kuingia kumekua rahisi kuliko zamani, vocational za kaunti, yani vyuo vidogo vya ufundi, ziko, na vyuo vikubwa kama Sigalagala iko, Kisumu Poly iko, na hakuna mtu atakufukuza kwa mlango wa darasa la weldingi ati wewe ni msichana, ingawa bado ukiangalia hizo vocational utakuta wasichana wamejaa kwa ushonaji na salon na kule kwa vyuma ni wa kuhesabu. Shida kubwa inaanza ukishaingia. Unapewa kazi ya pembeni, kwa upole kabisa, "wewe madam kaa hapo upake rangi, hizi ni kazi za kuchomeka mikono", na kwa sababu wamekuonea huruma unaona haya kukataa. Mwaka unaisha unajua rangi zote za Kenya na hujui kuseti ampea, yani nguvu ya umeme ya mashine.

Sheria haitakusaidia hapo. Tunajua Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwa viti vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na hata bunge lenyewe limeshindwa kupitisha sheria ya kutekeleza hiyo mpaka Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, Septemba 2020 akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Kama Nairobi kwenyewe iko hivo, nani atakuja Kibuye kuhesabu nani ameshika rodi ya kuchomea? Ni wewe utajihesabia.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na huu naushikilia kuliko yote, ni maneno ya kwanza na fundi kabla hujaanza. Usiende kuomba "kazi yoyote". Ukisema kazi yoyote utapewa hiyo yoyote. Mwambie, mzee, nataka unifunze kuchomea, nitalipa ngapi, itachukua miezi mingapi, na katika hiyo miezi nitashika mashine lini. Andikeni, hata kama ni karatasi ya daftari, muweke sahihi, na pesa utume kwa M-Pesa ndio meseji ibaki. Nasema hivi kwa sababu mbili. Moja, ukishalipa kufunzwa kuchomea una haki ya kuuliza mbona wiki ya tatu bado niko kwa msasa. Ya pili ni nzito zaidi. Kufunzwa bure na mwanaume asiye ndugu yako mara nyingi sio bure, deni linakaa tu hapo bila kutajwa, alafu siku moja jioni mkifunga kibanda linatajwa, na wewe unaanza kujiuliza kama kweli umemkosea kwa kukataa. Hujamkosea. Ulipe pesa, udai ujuzi, muachane hapo. Kama huna pesa yote, lipa kidogo kidogo, ama tafuta chama cha mama wakuchangie, lakini usiache iitwe msaada.

Na ikitokea umeguswa ama unasumbuliwa usinyamaze ati ni utani wa jua kali. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri mwenye watu 20 kwenda juu lazima awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, kwa hivyo ukiwa kwa kontrakta mkubwa uliza hiyo sera iko wapi. Kibanda cha watu wanne hakina sera lakini hiyo haimpi mtu ruhusa. FIDA, wale mawakili wanawake, wako na ofisi hapa Kisumu, na laini ya 1195 ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni ya bure.

Turudi kwa mashine. Kijana akiingia kibandani hakai chini kufunzwa, anaokota rodi zilizobaki nusu, anachomachoma vipande vya chuma saa ya lunch, anaharibu, anachekwa, anarudia. Msichana anangoja aitwe. Dada usingoje. Hivyo vipande vya skwea tyubu, ile paipu ya mraba, vinavyotupwa ni shule yako, ukiona watu wameenda kula omba mashine na uweke rodi ya geji 12 (geji ni kipimo cha unene), ile nyembamba, ampea anza chini, na ujifunze kwanza kuwasha bila rodi kushika kwa chuma, alafu kuvuta laini moja iliyonyooka, alafu kona. Skwea tyubu ya geji 16 ni nyembamba, ukipandisha ampea inatoboka mara moja, na hapo ndio mkono unajifunza mwendo. Gonga ganda, piga wayabrashi, angalia. Ikiwa laini imejaa mashimo mashimo rudia. Hakuna njia nyingine, na hakuna aliyezaliwa anajua, hata hao.

Kuna kitu nataka nikuoneshe hapa kwa sababu kimenikaa rohoni. Fremu ya geti. Ukikata vyuma vyako vinne ukaviweka chini, hushikizi kona moja ukaichomea yote ukahamia nyingine. Unaweka doa moja kila kona, basi. Alafu unachukua tepu unapima kona kwa kona, kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, alafu ile ingine, na hizo namba mbili lazima zifanane. Zikitofautiana fremu imelala, unagonga kidogo ile kona ndefu mpaka zilingane. Hapo ndio unaanza kuchomea, na hata hapo unaruka, kona hii alafu ile ya kuikabili, kwa sababu moto unavuta chuma, ukimaliza upande mmoja wote geti inajipinda na ukienda kuifunga kwa mtu haiingii. Hii ni maarifa ya dakika tano. Mimi nilikaa kwa kibanda muda mrefu bila mtu kuniambia, na sio ati walinificha, walikua wanaambiana wenyewe jioni wakienda kula samaki ama kuangalia mpira, na mimi jioni nilikua nakimbia nyumbani kupika. Hapo ndio niligundua ujuzi mwingi wa hii kazi haufunzwi kazini. Hadwea gani inauza chuma nyembamba kuliko geji wanayosema, kastoma gani halipi balansi, leba, yani malipo ya mkono, ya geti ya futi kumi mwezi huu ni ngapi, yote yanasemwa wakiwa wamekaa.

Kwa hivyo tafuta pa kuyasikia. Si lazima uende walipoenda, hasa usiku, sikushauri. Mimi nilianza kuwauliza asubuhi, kila asubuhi swali moja, "omera, jana ile grili ulichaji aje?" na wengi walijibu vizuri kabisa, hawakua na roho mbaya, ni vile tu hakuna aliyekua amefikiria mimi pia nataka kujua. Na mkiwa wasichana wawili watatu wa kazi hii kwa mji mmoja tafutaneni, muwe na grupu ya WhatsApp ya bei na kazi tu, isiwe ya maua na good morning.

Watu watakuambia hii kazi ni ya nguvu. Hakuna mwanaume anabeba geti ya lori peke yake! Wanaitana sita, ama wanaweka paipu chini inabingirika, ama wanafunga cheni bloku ya kuinulia. Wakati wao wanaitana ni kazi, wakati wewe unaita ni udhaifu, hapana, kataa hayo maneno. Ita watu, lipa wa kubeba, hiyo iko kwa bajeti ya kila geti.

Mavazi hapa niwe mkali. Ovaroli za dukani zimekatwa kwa mwili wa mwanaume, ukivaa unakunja mikono, na kwa hiyo mikunjo ndio cheche zinalala. Nunua kitambaa cha drili cha pamba upeleke kwa mshonaji akupime, isiwe nailoni wala poliesta kwa sababu zinayeyuka zinashika ngozi. Nywele za kubandika ni hivyo hivyo, zinashika moto haraka, funga kitambaa cha pamba mpaka shingoni kabla uvae helmeti. Na tafadhali tafadhali hiyo miwani ya jua mnaona vijana wakichomea nayo si ya kuchomea. Kioo cha kuchomea kina namba, kwa kazi zetu hizi tafuta namba 10 ama 11. Usipofanya hivo usiku unaamka macho ni kama yamejaa mchanga, machozi hayakatiki, na ikikutokea nenda hospitali, usizoee kuweka dawa ya ganzi ya kuazimwa.

Na ile hadithi ya maziwa. Kila kibanda utaambiwa kunywa maziwa itoe moshi. Moshi unaingia kwa mapafu, maziwa yanaenda tumboni, hayakutani. Unachohitaji ni upepo, chomea nje ama mlango ukiwa wazi, na chuma iliyopakwa zinki ikwaruze kwanza ile zinki kwa grainda pale utakapochomea, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Ukichoma zinki mchana, jioni unashikwa na homa na baridi na mwili kuuma, na hapa kwetu Kisumu kila mtu anadhani ni malaria anameza dawa. Pima malaria ndio, lakini mwambie daktari ulikua unachomea nini. Ukiwa na mimba mwambie mapema zaidi, msipange na boss tu.

Choo. Vibanda vingi havina, na hakuna mwanaume atakuandikia hii kwa ushauri wake. Kabla ukubali mahali angalia choo cha kulipia kiko umbali gani, na ujuane na mama wa hoteli karibu, umwekee hapo mfuko wako wa pedi na nguo ya kubadilisha. Nimeona msichana mzuri wa mkono ameacha kazi kwa sababu ya hii peke yake, na kibanda chote wakasema ameshindwa na moto.

Kuhusu kastoma kuuliza "fundi ako wapi?" ukiwa umesimama hapo na glavu, usipoteze nguvu ukibishana. Chukua tepu. Anayepima ndio anayeulizwa bei, nimeiona hii mara nyingi sana. Nenda kwa boma yake, pima mlango mbele yake, andika, mchoree, mwambie hapa bawaba tatu kwa sababu mlango ni mzito, na ukimaliza kupima hatauliza tena fundi. Ukipiga hesabu weka kila kitu, vyuma, rodi, diski, rangi, umeme, usafiri, alafu leba yako kamili. Wasichana tunapenda kupunguza leba ndio tupewe kazi, na ukishajulikana kwa bei hiyo kuitoa ni vita.

Karatasi pia. Nenda NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ufanye gredi testi, yani mtihani wa ujuzi wa mkono, wako na kituo hapa Kisumu, unaanza gredi ya 3, alafu 2, alafu 1, na hata kama ulifunzwa kibandani bila kuingia chuo unaweza kufanya. Kwa mwanaume wanaangalia mkono, kwa mwanamke wanaomba cheti kwanza, si haki lakini uwe nacho. Ukishaandikisha biashara jiandikishe AGPO, ule mpango wa serikali wa tenda, manake asilimia 30 ya tenda za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na madawati ya shule na mageti yako humo. Ila mtu akikuomba jina lako "tu" achukue tenda afanye mwenyewe, kataa. Deni la ushuru litakua lako na kazi mbovu itakua na jina lako.

Na nyinyi mafundi waume mnaosoma hii, kwa sababu najua mko, na wengine wenu mna mabinti. Hamhitaji semina. Jumatatu yule msichana akifika mpe mashine asubuhi, saa ile mkono bado haujachoka na kastoma hawajajaa, na rangi apake yule kijana. Alafu muifanye zamu, wiki hii huyu wiki ijayo yule, na iandikwe ukutani.